Nilichokiona Katika Makohozi ya Baba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kuisogelea hadubini. Mkuu wa Maabara, Mbelgiji mfupi mwenye koti jeupe lililojaa madoa mekundu na ya buluu, alinionyesha beseni la vioo vichafu, akanionyesha sabuni, akaenda zake. Vilikuwa vioo vyembamba, urefu wa kidole, ambavyo hupakwa damu au makohozi ya mgonjwa kabla ya kutazamwa. Niliviosha tangu saa moja asubuhi mpaka king'ora cha mchana. Aliporudi aliinua kimoja dirishani, akaniambia kwamba kioo kilichobaki na uchafu wa mgonjwa wa jana kitamsingizia mgonjwa wa leo. Kisha akanirudishia vyote nivioshe upya.

Hiyo ilikuwa hospitali ya kambi ya wafanyakazi wa Kampuni ya shaba, mjini Élisabethville, kabla ya vita vya pili, enzi ambazo ninyi vijana mnazisoma vitabuni. Wanaosomea uuguzi hunijia siku hizi na madaftari yao, wanataka niwaeleze jinsi kazi ilivyofanywa zamani. Nawaeleza, ingawa nachoka upesi, na ingawa wengine huanza kuangalia saa kabla sijafika popote. Wakitaka hadithi tamu waende kwa waliocheza mpira. Mimi kazi yangu ilikuwa mikojo, vinyesi na makohozi.

Baada ya mwaka wa kuosha vioo nilifundishwa kupaka rangi. Makohozi yalifika asubuhi katika vikopo vya bati, kila kimoja na namba ya kazi ya mwenyewe. Unachukua tone lile zito, lenye rangi ya kijani, unalipaka juu ya kioo, unalikausha. Unamwaga fuksini, rangi nyekundu, na kupitisha moto wa spiriti chini yake mpaka mvuke upande, lakini isichemke. Unaosha kwa asidi, na wekundu wote unaondoka. Mwisho unamwaga buluu. Wadudu wa kifua kikuu ni wakaidi, asidi haiwatoi rangi. Kwa hiyo ukitazama kwenye hadubini unaona uwanja wote wa buluu, na ndani yake, kama wapo, vijiti vyekundu vyembamba. Tulitakiwa kupita viwanja mia moja kabla ya kusema neno. Wakionekana wachache uliandika msalaba mmoja katika daftari, wakiwa wengi miwili, wakijaa mitatu. Usipoona kitu uliandika neno la Kifaransa, néant, yaani hakuna.

Mkuu wa Maabara hakuwa mtu wa maneno. Jambo moja tu alilirudia, na alilisema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kambini, ili lisitupotee njiani.

"Hapa kazini hauna roho," alisema. "Uko na macho tu."

Tulimcheka alipotoka. Tulisema Mzungu huyu hana mama.

Mimi nilikuwa na mama, na nilikuwa na baba pia, na ndiye ninayetaka kumsimulia, ingawa vijana huandika tu yale ya fuksini. Baba alikuwa fundi wa tanuru. Alitoka kaskazini, upande wa Kamina, alipoandikwa kazi akiwa kijana, akaletwa kwa treni kuyeyusha shaba. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyeungua mikono yote miwili mpaka viwiko, na kila Jumapili alikuwa kanisani kabla ya padri. Hakunipiga hata mara moja. Wenzangu walinionea wivu kwa hilo, kwa sababu hawakujua alichofanya badala yake.

Pale kambini kila safu ya nyumba ilikuwa na bomba moja la maji. Alfajiri akina mama walipanga ndoo zao kwa foleni, wakarudi kuwasha moto, na ndoo ziliwangojea zenyewe. Nilipokuwa na miaka kama tisa niliisogeza ndoo yetu mbele, nikazipita ndoo saba, nikajaza maji na kumpelekea mama. Mama alifurahi, akanisifu kwa wepesi. Baba alikuwa ameona kutoka dirishani. Alinishika mkono, akaniuliza zile ndoo saba zilikuwa za nani. Nilizijua zote. Basi tukaenda milango saba, mmoja baada ya mwingine. Yeye alibisha hodi, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kusimama. Kila mlango ulipofunguliwa alisema neno moja tu: "Sema."

Mlango wa tano ulikuwa wa bibi mmoja aliyenicheka na kunipa kiazi. Baba alinirudisha kwake nikirudishe kile kiazi. Mama alikasirika siku nzima, akamwambia kwamba anamvua mtoto nguo mbele ya watu kwa sababu ya maji ambayo Kampuni inatoa bure. Baba alimwacha amalize. Kisha akanigeukia mimi.

"Makosa ulifanya na mikono yako," aliniambia. "Utaipeleka na miguu yako."

Hayo ndiyo malezi niliyopata. Mtu akiniuliza nilijifunzia wapi mema na mabaya, namwambia: katika milango saba, kabla ya saa ya shule. Lakini kujua ni jambo moja.

Nilipokuwa nimeshakomaa kazini nilihamishiwa Kambove, katika zahanati ya mgodi. Mkuu wangu huko alikuwa Muuguzi Mzungu aliyependa kuwinda kuliko kutibu. Ijumaa alichukua bunduki, Jumatatu alirudi na mguu wa swala na kunipa kipande, na katikati hapo zahanati ilikuwa yangu. Huko ndiko nilikozoea kufanya kazi bila mtu wa kutazama tena vioo vyangu. Nilikuwa mwangalifu, naweza kusema hivyo bila aibu. Hata hivyo mazoea yana tabu. Niliporudishwa Élisabethville baada ya miaka miwili, Mkuu wa Maabara alikuwa amekwenda likizo Ulaya, naye Daktari Mkuu wa hospitali aliniamini, akaniachia meza. Nilichoandika mimi ndicho kilichokuwa kweli.

Baba alikuwa anakohoa tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mafundi wote wa tanuru walikohoa, moshi ule haukumwacha mtu, na hakuna aliyejali. Lakini ulipofika ukaguzi wa afya, Daktari Mkuu alisikiliza kifua chake, akaagiza makohozi yake yaletwe maabara.

Kikopo chake kilikuwa cha kumi na moja kwenye sinia asubuhi ile. Namba ya kazi ya baba niliijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Nilikipaka kioo chake kama vingine, nikakiweka chini ya hadubini, na sikuhitaji viwanja mia. Katika uwanja wa tatu niliviona vijiti vyekundu, viwili vimelaliana. Wa nne vilikuwapo. Wa tano vilikuwapo vingi.

Ni lazima niwaeleze maana yake, kwa kuwa ninyi mmekua na sindano na vidonge. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kifua kikuu. Palikuwa na maziwa, mayai, jua na kungoja. Mgonjwa aliwekwa katika nyumba ya kutengwa nyuma ya hospitali, yenye madirisha makubwa na ukuta mfupi kuizunguka, na wengi walitoka humo wakiwa wamebebwa. Aliyepona kidogo aliandikwa kwamba hafai tena kwa kazi. Nyumba yake ya kambini akapewa mwingine, naye akapandishwa treni pamoja na mke na watoto kurudishwa kijiji ambacho watoto hawakukijua. Baba alikuwa amebakiza miaka michache apumzike kwa heshima.

Niliandika néant. Mwandiko wangu wa siku ile ni mzuri kabisa, nimeutazama mara nyingi baadaye. Kile kioo nilikiosha mwenyewe.

Sitasema kwamba nililia au kwamba dhamiri ilinichoma papo hapo. Nilisikia nafuu. Nilijiambia kwamba nimemwokoa baba yangu, na kwamba nitamtibu mwenyewe nyumbani kwa maziwa na mafuta ya samaki, na nikafanya hivyo kweli. Mama alishangaa mwanawe amekuwa mwenye huruma ghafla.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Nyumbani kwetu kila Jumapili baada ya misa walikuja watu wa kaskazini waliofanya kazi na baba, wanne au watano, na mama aliwapikia munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ambacho kikilala siku mbili kinakuwa na uchachu mzuri. Walikaa kwenye vigoda, goti kwa goti, chini ya paa la baraza. Kikombe kilikuwa kimoja, cha enameli, na kwa desturi ya wazee wetu mwenye nyumba hunywa kwanza. Ni njia ya kuwaonyesha wageni kwamba hakuna ubaya ndani. Basi baba alikunywa, akampa aliye mkubwa, naye akampa anayefuata, kikazunguka mpaka kikaisha, kikajazwa tena. Baada ya baba, wa kwanza kupokea alikuwa daima Ngoie, rafiki yake wa tanuru moja, waliotoka kijiji kimoja na kupanda treni moja. Ngoie alikuwa msemaji. Baba alisema maneno ya mwezi mzima kwa kumsikiliza Ngoie Jumapili moja.

Mimi nilikuwa nikikaa mwisho wa duara na kunywa pamoja nao. Tangu siku ya kile kioo sikunywa tena. Jumapili ya kwanza nilisema tumbo linauma. Ya pili nilikuwa na haraka ya kwenda zamu. Ya tatu ni tumbo tena. Nilikaa pale na kukitazama kikombe kikitoka midomoni mwa baba na kuingia midomoni mwa Ngoie, nikaangalia pembeni. Mimi nilijua kilichomo, wao hawakujua, na mimi ndiye niliyejikinga. Katika yote niliyofanya, hili ndilo linalonichosha zaidi hata leo.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja sinia lililetwa, na kikopo kimoja kilikuwa na namba ya Ngoie. Nikapaka, nikatazama, nikaviona. Niliandika misalaba miwili, nikachukua kikopo kilichofuata. Ngoie hakuwa baba yangu. Siku iliyofuata alihamishiwa nyumba ya kutengwa, na mkewe akaanza kulia barazani kama mtu aliyekwisha kufiwa.

Jumapili hiyo wageni hawakuja. Waliogopa, au waliona aibu kunywa bila Ngoie. Tulibaki baba na mimi barazani, mama akiwa uani. Baba alijaza kikombe, akanywa kidogo, akaninyooshea. Nikasema tumbo.

"Tumbo yako inauma kila siku ya Mungu," akasema. "Siku ingine, hapana."

Aliendelea kukishika kikombe mbele yangu.

"Ngoie anakohoa sawa miye. Tulianza mwaka moya. Yee, banamuona ugonjwa. Miye, banasema hakuna. Nani aliangalia kioo yangu?"

"Ni miye, baba."

"Na kioo ya Ngoie?"

"Ni miye."

"Mu yangu uliona nini?"

Ningeweza kumdanganya. Asingekuwa na njia ya kujua, hadubini haikuwa yake. Lakini nilikuwa nimechoka, na uso wake ulikuwa ule ule wa kwenye milango. Nikamwambia niliviona, tena vingi.

Alimwaga munkoyo chini. Hakuniita mwongo, wala hakuuliza kwa nini, maana alijua kwa nini. Alianza kutaja majina ya wote waliokunywa kwa kile kikombe tangu mwezi ule, taratibu, akikunja kidole kwa kila mmoja, na alipofika kwa mama akasita. Kisha akasimama, akaingia ndani, akasema kesho asubuhi tutakwenda pamoja.

Jumatatu alivaa koti lake la kanisani. Tulitembea kutoka kambini hadi hospitali, mimi mbele, yeye nyuma akikohoa. Kwa Daktari Mkuu nilibisha mwenyewe. Ndani alikuwamo Daktari na mtawa aliyesimamia wodi. Nilisimulia yote kwa Kifaransa, kwa sentensi fupi, macho yakiwa sakafuni. Daktari alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo. Aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri ninachosema. Halafu akatazama mlangoni, akamuuliza baba kwa Kiswahili kama amekuja kumwombea mwanawe asifukuzwe.

"Hapana, munganga," baba akasema. "Sikukuya kumuombea. Nilimusindikiza tu."

Makohozi ya baba yalitazamwa upya, safari hii na Daktari mwenyewe. Alipomaliza alifuta miwani. Wengine waliokunywa pamoja naye waliitwa wote wapimwe, na kwa neema ya Mungu walikuwa safi, mama akiwemo. Niliuliza kama Ngoie aliupata ugonjwa kwenye kikombe. Daktari alisema ugonjwa huu husafiri zaidi kwa pumzi kuliko kwa kikombe, na kwamba watu hawa wawili walivuta hewa moja kwenye tanuru miaka mingi, kwa hiyo hakuna atakayejua nani alimpa nani. Nilianza kupumua. Ndipo akaongeza kwamba kitu kimoja kinajulikana: ningeandika ukweli, rafiki wa karibu wa mgonjwa angepimwa wiki ile ile, miezi minne mapema, pengine akiwa bado na nguvu.

Sikufukuzwa. Watu wenye kujua hadubini walikuwa wachache, na Daktari hakutaka mkaguzi aulize maswali. Mstari wangu katika daftari aliuacha ulivyo. Mimi nilitolewa maabara kwa mwaka mmoja, nikawekwa katika kikosi cha kunyunyiza dawa vyooni, chini ya kapita mmoja, yaani msimamizi, ambaye hakujua kusoma na aliyefurahi sana kuniamuru. Nilistahili. Harufu ya krisoli, ile dawa ya vyooni, ilinikaa mwilini hata mke wangu akalalamika.

Lakini baba alikuwa hajamaliza na mimi. Siku ile ile aliyolazwa aliomba kitanda kilicho kando ya Ngoie, akapewa. Kisha akaniita, nami nilikuwa nimesimama nje ya ukuta mfupi. Nikajua ni mlango mwingine. Niliingia, nikasimama kati ya vitanda viwili, na baba akageuza uso upande wa dirisha ili nisimtazame yeye.

Nilimwambia Ngoie kila kitu. Alinisikiliza akiwa amelala chali, mtu yule aliyependa maneno, bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Na weye," akasema, "ulikuwa unakunywa?"

Nikasema hapana.

Akageukia ukuta. Nilikwenda pale kila siku baada ya zamu ya vyoo, nikiwapelekea maziwa wote wawili, na kila nilipoingia Ngoie aligeukia ukuta. Kwa baba alizungumza, niliwasikia kabla sijafika mlangoni. Mvua za kwanza zilipoanza alikufa. Mkewe na watoto watatu walipewa siku chache, wakafunga vitu, wakapandishwa treni. Nilikwenda stesheni, nikasimama nyuma ya mizigo mpaka treni ikaondoka.

Baba aliishi mwaka mmoja zaidi na kidogo. Karibu na mwisho, alipokuwa hawezi kukaa, nilipata ujasiri nikamuuliza kama amenisamehe. Alifikiri sana, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Miye si njo mwenye kusamehe," akasema. "Mwenye alikuwa anaweza, alishakufa."

Kisha akaniambia Ngoie ameacha watoto. Hakusema zaidi. Alikufa Alhamisi, mchana, mama akimpepea.

Mengine ya kazi nitayapita haraka. Nilirudishwa maabara. Mkuu wa Maabara alirudi kutoka likizo, akasikia, na hakunitania wala hakurudia tena ile kauli yake mbele yangu. Baada ya vita zikaja sindano mpya, na nikaona watu wakitoka nyumba ya kutengwa kwa miguu yao, wamenenepa, wakiaga. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilikasirika pia, sijui nilimkasirikia nani. Niliwafundisha vijana wengi. Niliweka kanuni kwamba mtu asisome kioo cha ndugu yake, ampe mwenzake. Walicheka, wakasema katika kambi hii kila mtu ni ndugu wa mtu, kazi itasimama. Haikusimama. Miaka yangu ya mwisho nilipewa kusimamia maabara ndogo ya zahanati huko Naviundu, na hapo ndipo nilipostaafu.

Siku ya kuagwa Daktari Mkuu mpya, kijana aliyefika mwaka uliotangulia, alinivika medali. Katika hotuba alisema amepitia madaftari yangu yote tangu mwanzo na kwamba hakukuta hata sehemu moja iliyofutwa au kurekebishwa. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amekwisha kufa, mke wangu alilia kwa furaha. Mimi nilishukuru kwa maneno mafupi, nikakaa.

Mtu anayestaafu huambiwa apumzike. Mimi nilipanda treni ya kaskazini. Kutoka Kamina nilipata lori, na kutoka kwenye lori nilitembea, na niliuliza njiani nyumba ya watoto wa Ngoie. Yule wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu mzima wa miaka karibu thelathini, mrefu wa maneno kama baba yake. Alinipokea vizuri. Aliposikia nilifanya kazi hospitali alikofia baba yake alinivuta kigoda, akaagiza maji ya kuoga. Nilimwomba akae kwanza. Nikamsimulia: kioo, daftari, Jumapili zile, tumbo. Sikuacha kitu. Nilikuwa nimebeba maneno hayo miaka ishirini, na yalipotoka nilijisikia mwepesi, nakiri, kama mtu aliyetua gunia.

Mwalimu alisogeza kigoda chake nyuma kidogo. Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu ambaye ameongezewa kazi mwisho wa siku.

"Papa," akasema, "miye nilikuwa na baba mwenye alikufa na ugonjwa. Nilishamuzika, nilishazoea. Leo unaniletea ingine, mwenye batu baliua. Huyu nitamupeleka wapi?"

Katika maisha yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba ninachokipeleka kwa mtu kitabaki kwake. Nilidhani kusema ni kulipa. Nilikuwa nimetua gunia, na nilimtwika yeye mabegani.

Hapo mama yake alitoka nyumba ya pili, mkononi na ungo wa maharagwe. Alikuwa mzee, jicho moja limefunikwa na ukungu, na baada ya miaka ishirini hakunitambua. Aliuliza mgeni ni nani. Mwalimu akanitazama, kwa macho ya mtu anayeomba, kisha akamwambia ni papa mmoja wa Élisabethville, alikuwa akifanya kazi hospitali. Mama yule akaweka ungo chini na kunishika mikono yote miwili. Alisema kwa miaka yote hii hajakutana na mtu aliyemwona mumewe siku za mwisho, maana yeye hawakumruhusu kuvuka ule ukuta. Akaniuliza kama aliteseka. Akaniuliza kama alizungumza, maana alikuwa mtu wa kuzungumza.

Nikamwambia alizungumza sana, mama. Nikamwambia kila nilipompelekea maziwa alinigeukia na kunisimulia habari za nyumbani, na kwamba aliwataja watoto wote kwa majina, naye mkewe akimtaja kabla ya wote.

Alicheka huku machozi yanamtoka, akasema ndivyo alivyokuwa. Akaniomba nirudie majina ya watoto jinsi alivyoyataja. Nikayarudia, moja moja, kama nilivyoyajua tangu kambini, mwanawe akitazama chini, na mama yule akaenda kunipikia.